Karatasi nne zinasema 1942, msahafu unasema 1938: babu tumwandike mwaka gani?

SWALI

Shikamooni wa safu ya ushauri,

Ukoo wetu unaandaa kijitabu cha nasaba, nakala 60, kigawiwe kwenye kikao cha ukoo baada ya Iddi. Kazi ya kukusanya imeniangukia mimi. Nimekwama kwa mtu mmoja, naye ndiye shina lenyewe: babu mzaa baba, Mzaramo wa Maneromango, aliyefariki hapa Dar es Salaam Desemba 2003. Majina nimeyabadili.

Nilivyo navyo ni hivi. Cheti cha kumaliza darasa la nane, 1957: Ramadhani Athumani, kuzaliwa 1942. Cheti cha kuzaliwa alichokata mwaka 1994: 1 Julai 1942, Kisarawe, Mkoa wa Pwani, Tanzania. Pasipoti aliyoendea Hija 1996: 1 Julai 1942. Cheti cha kifo: umri miaka 61. Kibao cha kaburi, kilichowekwa miaka miwili baada ya mazishi: 1935–2003. Cheti cha ndoa cha 1963: Ramadhani bin Sefu, umri haukuandikwa.

Halafu kuna msahafu wa baba yake babu. Kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo wameandikwa watoto kwa herufi za Kiarabu. Ustadhi wa mtaani kwetu alinisomea. Wa kwanza Athumani, "marehemu", tarehe yake imeliwa na mchwa. Wa pili Ramadhani, "usiku wa Ijumaa, mwezi 8 Mfungo Nne 1357". Wa tatu ni bibi mdogo, Mfungo Tisa 1360. Kisha wengine wanne. Maandishi ya hao watatu wa mwanzo yamegeuka rangi ya kahawia, ya waliofuata ni penseli na mwisho kalamu ya biki. Binamu yangu aliingiza mwezi wa 4 tarehe 8 kwenye programu ya simu, ikamtolea 7 Juni 1938.

Bibi mdogo yu hai, anaishi Chanika. Namba ya kitambulisho chake cha taifa inaanza na 19430701. Ametunza kadi ya hospitali ya uzazi wake wa kwanza, Septemba 1958, imeandikwa umri wa mama 17. Baba mkubwa anasema tusijisumbue: karatasi nne za serikali zinasema 1942, kitabu kimoja cha nyumbani kinasema 1938, nne zinashinda moja. Ila yeye huyo huyo anasema babu alitiwa jandoni mwaka wa mgomo wa makuli bandarini.

Tuandike lipi? Na Sefu ni nani, Athumani ni nani?

Mjukuu, Mbagala

USHAURI

Marahaba, mjukuu.

Baba mkubwa anahesabu karatasi. Wewe hesabu vinywa. Kila karatasi irudishe nyuma mpaka ufike kwa mtu wa kwanza aliyeitamka habari hiyo, kisha uliza: alikuwepo? Alisema baada ya muda gani? Alikuwa anataka nini siku ile? Karatasi kumi zilizonakiliana zina kinywa kimoja tu.

Tuzianze hizo nne. Mtu mwenye umri wa miaka hamsini anapokwenda kukata cheti cha kuzaliwa, haitwi mkunga wala jirani aliyesikia vigelegele. Zinatakiwa karatasi alizo nazo: cheti cha shule, cha ubatizo, kadi ya kliniki, pasipoti. Karani anachukua tarehe kutoka humo. Babu mwaka 1994 alikuwa na nini mkononi? Kwa ulivyotuorodheshea, cheti cha darasa la nane. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa ni mtoto wa cheti cha shule. Pasipoti ya 1996 ni mjukuu. Cheti cha kifo ni kitukuu, kwani hesabu ya 2003 kutoa 1942 ni 61 kamili. Aliyekwenda kuandikisha kifo alichukua pasipoti au cheti, akahesabu. Hizo nne zote ni sauti moja, nayo ilitamkwa siku babu alipoandikishwa shule.

Alama mbili zinathibitisha kwamba cheti cha 1994 hakikuona uzazi. Ya kwanza ni hiyo 1 Julai. Ukikuta 1 Januari au 1 Julai kwenye hati ya mtu aliyezaliwa kijijini zamani, chukulia kwamba karani alipewa mwaka mtupu akajaza siku. Na ona: bibi mdogo naye ni 0701. Ndugu wawili kuzaliwa tarehe moja si muujiza, ni mazoea ya ofisini. Ya pili ni mahali: "Mkoa wa Pwani, Tanzania". Mwaka 1942 Maneromango ilikuwa Tanganyika, Jimbo la Mashariki; jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964. Hii haina maana kwamba cheti ni cha kughushi. Kinasema tu kiliandikwa lini, nawe unapaswa kukisikiliza kama sauti ya 1994. Kipimo hicho kitumie kwa kila hati ya ukoo. Mfano mwingine wa hapa mjini: hospitali iliyoitwa Princess Margaret ilikuja kuitwa Muhimbili baada ya uhuru, basi karatasi inayosema fulani alizaliwa "Muhimbili" 1957 imeandikwa na mtu wa miaka ya baadaye.

Sasa kinywa chenyewe cha shule. Aliyemaliza darasa la nane 1957 bila kurudia darasa alianza la kwanza 1950. Akiwa wa 1942 alikuwa na miaka 8, umri unaopendeza karatasini. Akiwa wa 1938 alikuwa na 12. Watoto wa miaka 12 darasa la kwanza walikuwa wa kawaida enzi hizo, lakini nafasi zilikuwa chache na mwalimu hakutaka mabarobaro, kwa hiyo mzazi au mlezi alikuwa na kila sababu ya kupunguza. Kipimo kilikuwa mkono: mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, vidole vikigusa sikio la kushoto ameiva, visipogusa arudi mwakani. Kinachopimwa pale ni urefu wa mkono. Mtoto aliyedumaa wa miaka 12 anagusa sikio sawa na mwenzake wa 8, na mwalimu anaandika anachokiona.

Usiishie kwenye cheti. Nenda shuleni ukaombe kuona rejista ya uandikishaji ya 1950, kama haijaliwa na mchwa. Nenda na barua ya serikali ya mtaa na nakala ya cheti, umkute mwalimu mkuu kipindi ambacho si cha mitihani. Ukiipata, usitazame mstari wa babu peke yake. Piga picha ukurasa mzima, ulio kabla na ulio baada. Kama darasa zima ni "miaka 8", "miaka 8", "miaka 8" kwa mwandiko mmoja, mwalimu alikadiria kwa macho na 1942 haina uzito hata kidogo. Kama kuna 7, 9, 11, 10, basi aliuliza, na hapo 1942 inastahili heshima zaidi. Safu ya mzazi au mlezi iandike neno kwa neno. Tutaihitaji chini.

Tuje kwenye msahafu, maana hapa ndipo binamu alipoteleza, na si yeye tu. Mfungo Nne si mwezi wa nne wa kalenda yoyote. Watu wa pwani huhesabu miezi kuanzia baada ya mfungo wa Ramadhani: Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Pili Dhulkaada, Mfungo Tatu Dhulhija, na Mfungo Nne ni Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu. Inaendelea hivyo mpaka Mfungo Tisa, ambao ni Jumada ya pili, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Simu ikiambiwa "mwezi wa 4" inaelewa Rabi ya pili, inakupeleka miezi mitatu mbele. Na kosa lenyewe linajifichua: 7 Juni 1938 ilikuwa Jumanne, wakati mwandishi amesema Ijumaa.

Ingiza 8 Muharram 1357. Programu itakupa 10 Machi 1938, siku ya Alhamisi. Bado si Ijumaa, lakini usiitupe. Programu zinahesabu mwezi kwa kanuni. Maneromango walitazama mwezi kwa macho. Kupishana siku moja ni kawaida, hata mbili hutokea. Inapotokea hivyo, siku ya wiki ndiyo ya kuaminiwa, kwa sababu mtu anaweza kukosea tarehe ya mwezi lakini Ijumaa haimpotei. Ijumaa ya karibu ni 11 Machi 1938.

Halafu kuna neno "usiku wa". Kwa mahesabu ya wazee siku inaanza magharibi, jua likizama. Usiku wa Ijumaa ndio ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni mpaka alfajiri. Babu alizaliwa kati ya magharibi ya Alhamisi tarehe 10 na alfajiri ya Ijumaa tarehe 11. Kijana wa leo akisikia "usiku wa Ijumaa" anafikiria disko, anaandika tarehe 11 usiku, na hapo umekosea siku nzima.

Hakiki pia tarakimu zenyewe, usimwachie ustadhi peke yake. Katika tarakimu za Kiarabu 2 na 3 zinatofautiana kwa jino moja (٢ na ٣), 7 na 8 ni umbo lile lile lililopinduliwa (٧ na ٨), na 5 ni duara (٥) ambalo macho yaliyozoea tarakimu zetu huliona sifuri. Jaribu kila uwezekano, 1357 na 1358, uone Ijumaa inaangukia wapi. Ukitaka kukagua haraka bila programu, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1357 inakupa 1938 na kitu. Inatosha kujua kama simu inakudanganya kwa mwaka mzima.

Je, mwandiko huo ni wa 1938 kweli, au mtu alikaa siku moja mwaka 1960 akaorodhesha watoto wote? Uliyotueleza ni mazuri: wino uliogeuka kahawia kwa wa mwanzo, kisha penseli, kisha biki. Kalamu hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Kama watoto wote saba wangekuwa kwa biki moja na mkono mmoja, ungekuwa umeshika nakala, kwani kalamu za biki hazikuwepo 1938. Bado kuna la kuangalia: fungua kurasa za mwisho wa msahafu, mahali wachapaji walipoweka mwaka wa kuchapwa. Ukiwa ni baada ya 1357, basi angalau wawili wa mwanzo walihamishwa kutoka kwingine.

Kuhusu kuupiga picha. Chukua udhu kwanza, wazee wasije wakakunyima. Weka msahafu karibu na dirisha, zima mwako wa simu, na taa ya tochi ilaze pembeni kabisa, karibu usawa wa karatasi, si juu yake. Mwanga wa ubavuni unaonyesha mikwaruzo ya kalamu hata pale wino ulipopotea. Piga mara nne, tochi ikitokea kila upande. Fanya hivyo hasa kwenye tarehe ya mtoto wa kwanza iliyoliwa na mchwa. Tarakimu moja tu ikionekana itakusaidia, utaona kwa nini. Na tafadhali, usipeleke ukurasa wowote duka la steshenari kulaminisha, wala usibandike selotepu palipochanika. Lamineti ikishashika haitoki, na gundi ya selotepu inakula karatasi ndani ya miaka michache tu.

Sasa kibao cha kaburi, ambacho nyote mmekiweka pembeni kama mtu wa tatu katika ugomvi. Sisi tunakiona hivi. Desemba 2003 ilikuwa mwaka 1424 wa Hijria. Toa 1357: miaka 67 imetimia, na wa 68 ulikuwa unakwenda. Mzee wa msikitini au wa nyumbani aliyehesabu kwa Hijria angesema marehemu "anakwenda wa 68". Aliyemtuma fundi akachukua 2003, akatoa 68, akapata 1935. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 68 ya Hijria ni kama miaka 66 tu ya kalenda hii. Hesabu ikichanganya kalenda mbili inapata miaka miwili mitatu ya bure. Kama ndivyo, 1935 na 1938 ni kinywa kimoja, ule msahafu, na ugomvi wa pande tatu umebaki wa pande mbili.

Lakini huo ni uwezekano. Upo mwingine: 1935 ni mwaka wa Athumani, yule mtoto wa kwanza aliyefariki, uliochukuliwa kimakosa na mtu aliyesoma mstari wa juu. Ndiyo maana tunataka tarakimu zile zilizoliwa. Mtafute aliyelipia kibao, umuulize swali moja tu: "Ile 1935 ulipewa na nani?" Usimwambie umefikia wapi.

Mpaka hapa tumeonyesha kwamba 1942 ina kinywa kimoja chenye sababu ya kupunguza, na 1938 ina kinywa kimoja kisicho na sababu hiyo. Mtu wa haki angeweza kusema bado ni moja kwa moja. Anayeamua ni bibi mdogo.

Ukoo mzima, naamini hata baba mkubwa, unakubali kwamba babu alimtangulia bibi mdogo. Kadi ya hospitali ya Septemba 1958 inasema mama ana miaka 17. Basi alizaliwa kati ya Septemba 1940 na Septemba 1941. Msahafu unasema Mfungo Tisa 1360, yaani mwishoni mwa Juni au Julai 1941. Vinakutana. Na kadi haina uhusiano na msahafu: muuguzi wa Dar es Salaam hakuwa ameuona, na mama aliyekuja kujifungua hakuwa na cha kufaidi kwa kujiongezea au kujipunguzia. Kama bibi mdogo alikuwa duniani Septemba 1941, kaka yake hawezi kuzaliwa 1942. Hata ukiongeza karatasi arobaini.

Hiyo ndiyo njia ya kushika kila mara mwaka unapogomba na mwaka: mwache mhusika, wachukue waliomzunguka. Aliyemtangulia, aliyemfuata, mtoto wake wa kwanza, ndoa ya wazazi wake. Mwaka wa uongo unaweza kukaa vizuri juu ya mtu mmoja. Ukiupanga pamoja na ndugu zake sita, utagongana na mmoja wao.

Kitambulisho cha bibi mdogo kisikutishe. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa kama mtu alivyoitaja au alivyoonyesha karatasi siku ya kuandikishwa. Ni kinywa chake mwenyewe uzeeni, tena chenye 1 Julai. Kati ya hicho na kadi ya 1958, chukua kadi.

Nenda Chanika mapema, kabla ya Iddi, asubuhi kabla hajachoka. Nenda peke yako au na mtu mmoja, usiende na baba mkubwa. Mbele yake bibi ataona aibu kumpinga au atamwachia aseme. Omba ruhusa ya kurekodi. Usimuulize "Babu alizaliwa 1938, eti?" kwa sababu atakuitikia kwa adabu. Muulize: ulipopelekwa chuoni kusoma juzuu nani alikushika mkono? Kaka yako alipoingia jandoni wewe ulikuwa unafanya kazi gani nyumbani? Kati yenu kuna watoto waliofariki wachanga? Hili la mwisho uliza taratibu lakini usiliruke, maana mtoto aliyefariki huweza kuachia jina mdogo wake, na hapo watu wawili wanaandikwa mmoja.

Jando lenyewe halitusaidii sana. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulikuwa Septemba 1947, hilo halina ubishi. Babu akiwa wa 1938 alikuwa na miaka 9, umri unaokaa vizuri. Akiwa wa 1942 alikuwa na 5, mdogo mno ingawa haikosekani, kwani ndugu hutiwa pamoja kupunguza gharama. Na baba mkubwa hakuwepo. Wazazi wake walioana 1963. Muulize nani alimwambia. Uandike kama kauli inayounga mkono, si nguzo.

Sefu na Athumani. Hapa tunakupa dhana mbili na namna ya kuzitenganisha, hatukupi jibu.

Dhana ya kwanza: jina kamili ni Ramadhani Sefu Athumani. Shule iliandika la kwanza na la mwisho, ikaacha la kati. Inaungwa mkono na mtoto wa kwanza kuitwa Athumani, kwani kumpa mzaliwa wa kwanza jina la babu yake mzaa baba ni desturi yetu. Athari yake: Athumani ni babu wa babu, na kitabu chenu kinapata kizazi kimoja zaidi. Tahadhari na ukoo unaorudia majina kwa zamu, Sefu Athumani, Athumani Sefu, Sefu Athumani. Ukikuta "Athumani Sefu" kwenye karatasi yoyote, usimbandike mtu kabla hujajua ni wa kizazi gani. Watu wa vizazi viwili huunganishwa wakawa mzee mmoja aliyeishi miaka 130.

Dhana ya pili: Athumani ni mlezi, ndugu yake Sefu, aliyeishi karibu na shule akamwandikisha kama mwanawe. Kiswahili chenyewe kinachangia: baba mkubwa na baba mdogo wote ni "baba", na mwalimu akiuliza "Baba yako nani?" mtoto anamtaja anayemlisha. Safu ya mlezi kwenye rejista ya shule inaweza kukata shauri palepale. Isipopatikana, tafuta jalada la mirathi ya huyo Athumani, kwenye mahakama ya mwanzo ya alikofia au kwa familia yake. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume humzuia mtoto wa ndugu. Athumani akiwa ameacha watoto wa kiume wakarithi, na Ramadhani hayumo, si mwanawe. Akiwamo kama mwana, tuandikie upya, kazi inaanza mwanzo.

Kwa baba mzazi, cheti cha ndoa kina nguvu kuliko cheti cha shule. Jina la bwana harusi hutamkwa mbele ya mashahidi na wazee wa pande zote mbili, na kumnasibisha mtu na asiye baba yake ni jambo ambalo wazee hawakulifanyia mzaha siku ya nikahi. Basi "bin Sefu" iandike bila wasiwasi. Athumani mwekee alama ya kuuliza.

Usipoteze nauli kwenda Nyaraka za Taifa Upanga kutafuta kuzaliwa kwa babu. Mle mna mafaili ya utawala wa Wajerumani na Waingereza na vitabu vya wilaya: majina ya majumbe, kodi, mipaka, mashauri. Vinafaa kama unataka kujua Sefu aliishi chini ya jumbe gani, au kijiji kilikuwa wapi kabla ya Operesheni Vijiji kuwahamisha watu kati ya 1973 na 1976. Ukienda, nenda na barua ya utambulisho na penseli, na kumbuka tahajia za Wajerumani: Uzaramo utaukuta umeandikwa Usaramo, na Kisarawe ikiwa Kisserawe.

Kitabuni andika hivi: "Ramadhani bin Sefu, mtoto wa pili. Alizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, 10–11 Machi 1938 (8 Mfungo Nne 1357), kwa maandishi ya msahafu wa baba yake. Cheti cha shule cha 1957 na hati zilizotokana nacho zinasema 1942. Kibao cha kaburi kinasema 1935." Maneno "hati zilizotokana nacho" usiyafute hata baba mkubwa akikunja uso. Miaka yote mitatu ibaki imeandikwa, ili mjukuu wako akiikuta 1942 kwenye pasipoti asidhani hamkuiona.

Msiende kubadilisha cheti cha 1994 kwa ajili ya kitabu. Kwenye mafao, pasipoti na mirathi babu ni wa 1942, na kuvuruga hapo ni kuwatafutia warithi safari za ofisini. Kitakachoweza kuwaletea shida ni jina, kama kuna kiwanja au akaunti yenye "Ramadhani Sefu" na nyingine yenye "Ramadhani Athumani". Hapo msimamizi wa mirathi ataapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, akiambatisha cheti cha ndoa na cha shule. Kiapo hicho kitaje majina tu. Tarehe ya kuzaliwa msiiguse.